Jina Nililolitaja Chini ya Mnara wa Redio

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Sikuhadithiwa na mtu, sikuota, na siku hiyo sikuwa na homa wala sikuwa nimefunga. Saa sita nilikula mkate na yai, nikanywa chai, nikarudi kazini. Nakwambia hivi mapema kwa sababu najua utakachouliza. Mchungaji wetu naye aliniuliza hivyo hivyo, tena mara mbili.

Ilikuwa mwezi wa Desemba, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa naishi Jakobsberg, pembeni mwa Stockholm huku Sweden, na binti yangu Aline, nafanya kazi ya usafi katika kampuni moja ndogo. Siku hizo nilikuwa mtu wa ganzi. Sijui nikueleze vipi. Nilifanya kazi, nilipika, nilienda kanisani. Watu wakiimba hadi wanalia, mimi nilikaa nikiwatazama kama mtu anayesubiri basi. Nilikuwa hivyo tangu Burundi, tangu asubuhi tuliyompoteza mdogo wangu Gaspard.

Gaspard alikuwa na miaka kumi na saba. Tulikuwa tunakimbilia mpaka wa Tanzania: mimi, yeye, mama yetu, na Aline nimembeba mgongoni. Usiku ule tulilala kwenye tanuri la matofali la mtu tusiyemjua. Alfajiri Gaspard akachukua dumu, akasema anakwenda kutafuta maji. Baada ya muda tukasikia risasi. Watu wakakimbia, nasi tukakimbia nao. Hakutufikia.

Tulimtafuta miaka mingi. Tulimtafuta kambini Kigoma, tukaandika barua, tukapeleka jina lake kwenye yale matangazo ya redio ya watu waliopotezana. Mimi nikaja Sweden. Mama alikataa kuja. Alisema Gaspard akitokea atamtafuta kule Kigoma, sasa akikuta hayupo itakuwaje? Kila Jumapili nilipompigia simu, kabla hata ya kunisalimia vizuri aliuliza, "Umesikia chochote?" Nami nilijibu, "Bado, mama." Ndivyo tulivyoishi.

Basi, kampuni yetu ikapewa kazi ya kusafisha kituo cha zamani cha redio, mwendo wa nusu saa kwa basi kutoka stesheni, katikati ya mashamba. Mnara wake ulikuwa mrefu kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona Stockholm, mwembamba, wa chuma, umeshikiliwa na nyaya nene pande zote. Haukuwa ukitumika tena. Serikali ilikuwa imeamua uangushwe, na sisi tulitakiwa kwanza kuondoa makaratasi na takataka kwenye jengo lililokuwa chini yake. Tulikuwa watatu tu: mimi, Chantal kutoka Bukavu, na msimamizi wetu Bengt, Mswidi mtu mzima ambaye ujanani aliwahi kuajiriwa hapo hapo. Umeme ulishakatwa zamani. Tulifanya kazi kwa taa za betri.

Unajua Desemba ya huku ilivyo. Saa tisa alasiri ni giza kabisa. Bengt alikuwa nje anapakia lori, Chantal yuko ghala la nyuma, mimi nikaingia peke yangu kwenye ukumbi wa mitambo. Makabati ya chuma yamejipanga hadi darini, na mbele yake kuna meza yenye swichi na vioo vidogo vyenye mishale. Nikaanza kukunja makaratasi na kuyatia kwenye mfuko.

Nilipogeuka, palikuwa na mzee amekaa mezani.

Sikushtuka. Huo ndio ukweli. Nilidhani ni mstaafu aliyekuja kuaga mahali pake pa kazi, maana wazee wa namna hiyo walikuwa wakipitapita pale. Alivaa ovaroli ya kijivu na kofia ya sufu. Mbele yake aliweka chupa ya kahawa. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vyeupe, ngozi imevutana kama iliyoungua zamani.

"Unajua unachotupa?" aliniuliza kwa Kiswidi cha taratibu.

Nikasema sijui, mimi ni mfanya usafi.

Akanieleza. Alisema mnara ule ulisimamishwa kabla ya vita kuu ya pili, na kazi yake ilikuwa mawimbi marefu. Wimbi refu, alisema, halirukiruki angani. Linatambaa ardhini, linapita msituni, linavuka bahari, linamfikia mvuvi aliye mbali kabisa na nchi kavu. Wavuvi walisikia hali ya hewa. Wazee wa mashambani walisikia ibada ya Jumapili. Nguvu ilikuwa kubwa mno hata majirani walimsikia mhubiri ndani ya bomba la mvua na kwenye jiko la chuma. Kila vuli mtu alipanda hadi juu kubadilisha taa nyekundu. Kisha zikaja redio za aina nyingine, ikaja televisheni, na wafanyakazi wakapunguzwa mmoja mmoja. Siku ya kuzima hapakuwa na hotuba. Mtu alizungusha swichi, mshale ukashuka, wakaenda kunywa kahawa.

Alisimulia yote hayo bila huzuni, kama anayesoma orodha. Labda ndiyo maana nilimsikiliza. Sauti yake ilikuwa kama yangu.

Kisha akasema, "Na wewe, unamtafuta nani?"

Sasa niambie, alijuaje? Sikuwa nimemwambia chochote. Na mimi, mbona sikukimbia? Nimejiuliza miaka yote hii. Nilisimama pale na mfuko wa takataka mkononi, nikamjibu kama ninavyojibu watu wa ofisini, jina na mwaka wa kuzaliwa. "Ndugu yangu. Gaspard."

Akanivutia kiti. Akaninyooshea hedifoni nyeusi, nzito, za zamani, nikazivaa. Akasogeza kipaza sauti mbele ya mdomo wangu, akazungusha swichi.

Mshale ulipanda.

Niamini, nilisikia mvumo ukipanda kutoka sakafuni hadi kwenye magego yangu. Mzee akaniashiria kwa mkono niseme. Nikasema kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, kama lile tangazo tulilokuwa tukilipeleka: "Gaspard, mimi ni dada yako. Mama yuko hai. Ukisikia, jibu uliko."

Mvumo tu. Nikamtazama mzee, naye akainua vidole vyake vyeupe, maana yake nisubiri.

Ndipo sikio langu la kushoto likapata baridi, kana kwamba mtu ameliwekea barafu, na nikamsikia. Ilikuwa sauti ya kijana wa miaka kumi na saba, ile ile, ingawa kama angekuwa hai angekuwa mtu mzima mwenye ndevu.

"Dada," alisema. "Acheni kunisubiri. Sikufika kwenye maji. Niko nyuma ya tanuri, upande wa majivu. Tuko watatu. Mwambie mama anitoe hapa."

Nilitaka kumwuliza nani alifanya, kama aliumia sana, kama alituona tukikimbia. Nilifungua mdomo. Mshale ukashuka.

"Mama Aline! Uko unafanya nini humu? Niko nakuita tangu zamani, hausikie?"

Alikuwa Chantal, ananitikisa bega. Taa yangu ya betri ilikuwa imekwisha chaji. Nimekaa kwenye kiti, hedifoni masikioni, na waya wake unaning'inia hewani umekatwa kwa koleo. Hapakuwa na mzee. Hapakuwa na chupa ya kahawa.

"Mon Dieu," Chantal akasema alipomulika uso wangu. "Umemuona nani?"

Nikamwambia nimemwona mzee wa ovaroli ya kijivu. Bengt alikuwa amefika mlangoni, akasikia. Akauliza kwa sauti ya chini, "Vidole vyake?"

"Viwili vyeupe."

Bengt akavua kofia yake. Alisema huyo alikuwa bosi wake wa kwanza, aliyeunguzwa na mtambo siku moja zamani. Kituo kilipofungwa alibaki na ufunguo, akawa anakuja kila siku kukaa. Majira ya baridi yaliyofuata walimkuta amekufa, kwenye kiti kile nilichokuwa nimekalia. Tukafunga mlango, tukapanda lori.

Je, ungefanya nini wewe? Ungenyamaza? Mimi nilinyamaza siku tatu. Chantal alinisihi nisiseme kitu. "Yule ni mama muzee," alisema. "Muache na matumaini yake." Jumapili nikapiga simu Kigoma kama kawaida. Mama akauliza, "Umesikia chochote?" Na mimi, ambaye kwa miaka yote hiyo nilijibu "bado", nikasema, "Ndiyo, mama. Nimesikia."

Nikamwambia yote. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Alisema upande gani?"

"Upande wa majivu."

Alimtuma mjomba wangu, aliyekuwa ameshakubali kurudi Burundi. Mjomba alitafuta lile tanuri wiki nzima, maana mwenye tanuri alishafariki na majani yalikuwa yameota juu yake. Akachimba na wanaume wawili. Waliwakuta watatu. Gaspard alitambuliwa kwa mshipi wake. Bizimu lake lilikuwa limevunjika, na alikuwa amelifunga mwenyewe kwa waya wa breki ya baiskeli. Mimi nilikuwepo siku alipolifunga. Katika ile redio hakuutaja mshipi, wala mimi sikumwambia mjomba habari zake. Kwa hiyo usiniambie kwamba akili yangu ilijitungia.

Wakamzika vizuri, kwa sala. Mama alisafiri, akasimama kaburini, akatupa udongo. Kisha akarudi Kigoma na kuacha kula. Hakuwa na ugonjwa wowote. Waliokuwa naye walisema alikuwa akikaa mlangoni kama zamani, ila sasa hakuitazama njia. Alikaa hivyo miezi minne. Simu yangu ya mwisho naye haikuwa na swali lolote. Tulisalimiana, tukasikilizana pumzi, vocha ikaisha.

Aliishi kwa kusubiri, unaona? Nami nilimnyang'anya.

Habari ya kifo chake ilipofika, watu walijaa nyumbani kwetu, wakaimba, wakaleta vyakula. Aline, aliyekuwa ameanza kuwa msichana mkubwa, alinifuata jikoni akaniuliza kwa Kiswidi kwa nini silii. Nikamwambia achukue vikombe apeleke sebuleni.

Mnara ulikuwa umeshaangushwa wakati huo. Mimi na Chantal tulikwenda kuutazama tukiwa nyuma ya uzio pamoja na majirani. Walikata nyaya za upande mmoja kwa baruti. Mnara ukasimama kidogo kama usioamini, ukapinda katikati, ukalala kwenye theluji, na mlio ukatufikia baada ya hapo. Watu wakapiga makofi. Chantal akafanya ishara ya msalaba. Mimi niliona chuma kikianguka, basi.

Sikio langu la kushoto halijapona hadi leo. Nasikia nalo vizuri. Daktari alinipima kwa mashine, akasema ni zima kabisa. Lakini ukilichoma sindano sisikii maumivu. Ukiligusa ni baridi, hata kiangazi, hata nikitoka kuoga maji ya moto. Aline alipokuwa bado anapenda kulala karibu nami, alichagua upande wa kulia.

Sikusimulii haya ili unionee huruma. Najua wengi wetu tuna mtu ambaye hatujui alipo. Wewe pia huenda unaye. Na huenda siku moja, mahali palipofungwa, mtu usiyemjua akakuuliza kwa upole unamtafuta nani. Usifanye haraka kama mimi. Kabla hujalitaja hilo jina, mkumbuke kwanza yule anayekaa mlangoni akisubiri, ujiulize kama ataweza kuamka kesho yake bila kusubiri. Kama hujui jibu, vua hizo hedifoni, ziweke mezani, utoke nje.