Siku Dobi Alipomtetea Kocha Rudia

Ukimwona akitoka kazini alasiri, kitambaa kichwani na begi la nailoni begani, utasema huyu mama anawahi nyumbani kupika. Wapi! Anawahi kurushwa chini. Ni mwanamke mfupi wa miaka thelathini na minne, mpana wa mabega, mfanyakazi wa chumba cha kufulia cha hospitali, na tangu asubuhi amekunja mashuka kwa mamia, kona kwa kona, mpaka vidole vinataka kukunja kila kitu anachoshika. Jioni ni mwanamieleka. Ulingoni walimpachika jina la Dobi, na jina likamganda kiasi kwamba hata kule kazini, walikojaa madobi watupu, ukiita "Dobi!" anageuka yeye peke yake.

Mieleka yake ni ile ya kulipwa, ya maonyesho, yenye kamba na taa na watu wa kuzomea. Kila anayesikia kazi hiyo humuuliza swali lilelile huku akimkonyeza: si mnaigiza tu? Zamani alikuwa anapandwa na hasira. Siku hizi anajibu kwamba ndiyo, mshindi anajulikana mapema, lakini zile mbao zilizo chini ya mkeka hazina habari hiyo. Anayerushwa amejitoa mzima mzima, akajitia mikononi mwa mwenzake, na mwenzake ndiye mwenye dhamana ya shingo yake mpaka afike chini salama. Hiyo ndiyo kazi. Makelele na kutoleana macho ni mapambo tu.

Hayo alifundishwa na Kocha Rudia, mzee mwembamba mwenye masikio makubwa, aliyefungua shule yake ndani ya ghala la zamani la mbao. Mtu mkavu yule, tusidanganyane. Hasemi "vizuri", hasemi "pole". Kwake mwanafunzi mpya hamgusi mtu kwa wiki sita, anaanguka tu: chali, kifudifudi, ubavu. Tena Kocha hamtazami. Anampa mgongo, anaelekea ukutani, mikono kaifunga nyuma, anasikiliza. Mgongo na mikono vikifika kwenye mkeka pamoja, sauti ni moja. Akisikia sauti mbili, anajua kuna kiungo kimetangulia, na kinachotangulia ndicho kinachovunjika. "Rudia," anasema bila kugeuka. Kuna jioni moja Dobi alirudia mara mia na sitini, akimtukana moyoni hadi mababu zake, na siku ya pili akaja tena.

Mwaka huu ndipo alipoileta damu yake mwenyewe pale: binti wa dada yake, msichana wa miaka kumi na tisa, mwepesi kama kitambaa, mwenye kipaji mpaka kinamwasha. Binti alimaliza wiki zake sita, akaruhusiwa kunyanyua wenzake. Ijumaa moja rafiki yake alikuja kumpiga video. Binti akamwinua msichana mwenzake juu ya bega, akamzungusha, na akiwa katikati ya kumrusha akageuza uso kwenye simu, akatabasamu. Mwenzake alianguka salama, akainuka anacheka. Watu wakapiga makofi. Kocha, aliyekuwa amesikia sauti mbili, akageuka kutoka ukutani.

"Ulikuwa unatazama wapi?"

"Kwenye simu, Kocha."

"Siku arobaini. Unaanguka tu. Humgusi mtu."

Basi binti akaanguka. Aliporudi nyumbani wiki ya kwanza mgongo wake ulikuwa na madoa ya kijani na zambarau, akalala kifudifudi, akalia akidhani hasikiki. Mama yake alisikia. Na mama huyo, dada mkubwa wa Dobi, ni karani wa mahakama. Hana dogo, na kalamu yake ina makali kuliko ulimi wake. Aliandika barua kwa chama cha mieleka, kurasa mbili zisizo na kosa hata la nukta, akisema kwamba kijana anaadhibiwa bila kipimo na mzee asiye na huruma. Chama kikajibu kwamba kamati itafika ghalani Jumamosi asubuhi, na ikiridhika na malalamiko, Kocha atanyang'anywa kibali na shule itafungwa.

Wanafunzi wote walimtazama Dobi. Nani mwingine angemtetea? Yeye ndiye mkongwe pale, na aliyeshtaki ni dada yake. Wasichokijua ni kwamba utetezi anao, tena wa uhakika, ila umekaa ndani ya uongo wa miaka minane.

Kabla ya Kocha Rudia, Dobi aliwahi kujifunza kwingine, kwa mwalimu mpole sana waliyemwita Kocha Asali. Kila ulichofanya kwake kilikuwa "safi sana". Wiki ya pili tu aliwaruhusu warushane. Kijana mmoja mwenye moyo mzuri alimwinua Dobi, mguu ukamteleza, wala hakuna aliyewahi kumfundisha la kufanya mguu ukiteleza, na mfupa wa bega la Dobi ukakatika. Wakati ule dada yake alikuwa amempiga marufuku asikanyage ulingo wowote, marufuku aliyokuja kuilegeza miaka ya baadaye. Kwa hiyo Dobi, akiwa bado kwenye kitanda cha hospitali, alisema ameanguka kwenye ngazi za kazini.

Dada aliamini. Dada yule aliyemzidi miaka kumi na miwili, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamtunza miezi miwili kwa mkono wake. Tena hakuishia hapo. Alimfuata meneja wa chumba cha kufulia, akamvalia njuga, mpaka yule bwana akaweka reli ya chuma kwenye ngazi ambazo, ukihesabu vizuri, ni tatu tu. Reli ipo hadi leo. Kila asubuhi Dobi anaishika akipanda, na kila asubuhi anaona aibu.

Jumamosi ikafika. Kamati ilikuwa ya watu watatu, wakakaa kwenye viti vya plastiki mbele ya ulingo, mwenyekiti katikati, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Dada aliketi upande mmoja, mkoba magotini, hakumtazama mdogo wake. Binti alisimama karibu na kamba akiuma kucha. Kocha alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, jambo ambalo halijawahi kuonekana pale, na wanafunzi walilitazama lile shati kwa huruma.

Dobi aliitwa, akasimama.

"Kocha ni mtu mzuri," alisema.

"Mzuri kwa nani?" dada akadakia. "Mwenyekiti, mimi sikatai mazoezi. Hata jeshini wanafanya mazoezi. Lakini mwanangu hajamwumiza mtu. Yule mwenzake yuko pale, mzima, anakula karanga. Sasa mgongo wa mtoto wangu unalipia nini?"

Yule msichana akaacha kutafuna. Dobi alikuwa amepanga maneno usiku kucha. Lakini akasema tena tu kwamba Kocha ni mtu mzuri, akakaa.

Mwenyekiti alikuna kidevu. Akaona njia rahisi. "Mzee wangu, tufanye hivi. Huyu binti apande, amnyanyue mwenzake, atuonyeshe alichofundishwa. Tukiona mafunzo ni ya maana, barua hii tutaitazama kwa jicho jingine."

Binti akang'aa uso mzima. Tayari alishashika kamba.

"Hapana," Kocha akasema. "Bado siku kumi na moja."

"Mara moja tu, mzee."

"Bado siku kumi na moja."

"Unaelewa kwamba tunazungumzia shule yako?"

"Naelewa. Lakini shingo ni ya huyo atakayenyanyuliwa."

Mjumbe mmoja akafunga daftari lake kabisa, maana kwake kesi ilikuwa imekwisha. Dobi alimtazama mzee yule na shati lake la pasi, mng'ang'anizi, asiyejua kujiombea hata kidogo, akamhurumia na kumpenda kwa pamoja, na hapohapo akajua kwamba yeye mwenyewe hana pa kujificha tena. Akapiga moyo konde. Akasimama.

"Dada," alisema, akiisahau kamati. "Lile bega. Sikuanguka kwenye ngazi."

Dada aligeuza kichwa polepole.

"Nilikuwa nakwenda shule nyingine ya mieleka. Ulinikataza, nikaenda kwa siri. Mwalimu wake alikuwa mtu wa watu, anatusifu kutwa. Siku niliyovunjika, aliyeninyanyua alikuwa amejifunza wiki mbili tu, na tangu siku ya kwanza anaambiwa safi sana. Alinitupa vibaya kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia rudia."

"Ngazi za kazini?" dada akauliza, kana kwamba hakusikia mengine.

"Sikuanguka pale."

"Mimi nilimfuata meneja wako."

"Najua, dada."

"Nilimwita muuaji! Mbele ya wafanyakazi wake!"

"Najua."

Kuna mtu nyuma alicheka puani. Dada alimtupia jicho moja, naye akanywea. Kisha akarudi kwa mdogo wake, na sauti ilikuwa imeshuka. "Huyo mpole wako alikuja kukuona?"

"Alituma salamu."

"Na huyu?"

"Huyu nilipokuja alinishika bega kwa vidole viwili, hivi. Akauliza nani aliniangusha, sikumjibu. Basi akaniambia nianguke tu kwa miezi minne, wakati wenzangu ni wiki sita. Nilimchukia, dada, sitii chumvi. Lakini miaka saba sasa narushwa kila wiki na sijavunjika hata kidole, na hakuna niliyemvunja. Binti yako siku ile hakumwumiza mtu, ni kweli. Na yule kijana, kabla ya siku yangu, alikuwa hajamwumiza mtu."

Dada akaweka mkoba chini ya kiti, akavua viatu, akavipanga, akaenda ulingoni na sketi yake ya kazini. Kupita kwenye kamba kulimshinda, ikabidi binti yake amshikie.

"Ninyanyue," akamwambia Dobi. "Nataka nijue mnachokifanya humu."

"Dada, una miaka arobaini na sita."

"Umri wangu naujua. Nyanyua."

Dobi alimtazama Kocha, akiomba ruhusa. Kocha akaitikia kwa kichwa, akawapa mgongo, akaelekea ukutani kusikiliza.

Dobi akamwinua. Dada alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Alimshika mdogo wake shingoni kwa mikono miwili, macho ameyafumba kabisa. Dobi hakumrusha, ana wazimu? Alimzungusha mara moja, polepole, akapiga goti, akamshusha kiuno kwanza, kisha mgongo, kiganja kikiwa kimetangulia chini ya kisogo chake. Akamlaza. Mkeka haukutoa sauti hata kidogo.

Kocha alingoja ukutani. Akangoja tena. Mwisho akageuka, uso umejaa mashaka.

"Tayari?"

Ndipo ghala likaangua kicheko, mwenyekiti wa kwanza. Dada naye alicheka, palepale chini, machozi yakamtiririka kuelekea masikioni, wala hakufanya haraka kuinuka.

"Mama," mwenyekiti akauliza alipopata sauti, "barua hii tuifanyeje?"

"Nairudisha kwangu," dada akasema akitazama paa. "Lakini Mwalimu, una kosa. Mtoto wangu analia kitandani siku ishirini na tisa na hajui kwa nini. Mgongo unajua, yeye hajui. Mwambie."

Kocha alionekana kama mtu aliyeambiwa acheze ngoma. Alimsogelea binti, akakohoa, akaishika kola ya shati lake mwenyewe.

"Ulipotazama simu," alisema, "mwenzako alikuwa peke yake hewani."

Hayo tu. Binti aligeuka, akamtazama yule msichana wa karanga kwa muda, akatembea hadi alipo, akamkumbatia hadi karanga zikamwagika. Kisha akarudi, akaanza kufunga kamba za viatu vyake vya mazoezi, kwa sababu siku ile ilikuwa ya thelathini na alikuwa hajaanguka.

Kamati iliondoka. Wanafunzi wakaanza kurudisha viti. Dobi alikuwa bado amepiga goti mkekani, kiganja chake bado kiko chini ya kisogo cha dada yake, naye aliona haya kukiondoa.

"Dada, nisamehe."

"Miezi miwili," dada akasema. "Nilikulisha. Nilikukata kucha. Nilikuosha nywele juu ya beseni, na wewe unafumba macho, nadhani ni maumivu, kumbe ni uongo."

"Niliogopa ungeniacha."

Dada aliinua mkono, akaupapasa ule mfupa wa bega, pale ulipoungana vibaya kidogo.

"Mjinga wewe," alisema. "Ungesema ukweli, ningekugombeza, na ningekuosha vilevile."