Nilivyousafisha Mpunga wa Mwalimu

Leo nimeaibika mpaka masikio yakawaka. Jana mwalimu wa kilimo alinipa mfuko wa mpunga mwitu tuliookota kinamasini, niutayarishe kwa mgeni, mtafiti wa mbegu kutoka Kitale. Mgeni angechagua mwanafunzi mmoja akamsaidie kwake likizo hii, nami nilitaka sana niwe huyo. Kuuliza unatayarishwaje niliona haya. Nikafanya kama nyumbani: nikapeta, nikachambua punje moja moja. Nyeusi, nyekundu, zenye ndevu, zote nikatupa. Zikabaki nono zinazofanana.

Leo mgeni alizimwaga kiganjani. "Dada, zile nyeusi ziko wapi?"

"Nilitoa takataka, sir," nikasema, nikingoja sifa.

"Ati takataka? Si hizo ndizo hazishikwi na ugonjwa? Tunazizalisha na mpunga wa shamba, mbegu itakayozaliwa iwe na nguvu. Kila aina iko na kazi yake. Hizi nono ziko kila mahali."

Mwalimu akauliza polepole nilizitupa wapi. Nikanyoosha kidole kwa kuku wa mpishi wa shule, wakijipangusa midomo kwenye nyasi.

Mgeni akawatazama kwa heshima. "Basi likizo hii wacha nibebe hawa."