Turubai Lililoumwa na Mpira

Saa tatu asubuhi, fundi wa matela ya kukunja amepiga magoti, pua yake imegusa godoro la mteja. Ananusa. Godoro limeanikwa juani tangu jana, lakini yeye haamini.

"Jua linakausha juu tu," anasema. "Ukungu una adabu zake, unajificha."

Ndiyo maana gereji nzima inamwita Mama Shaka. Kazi yake ni mipira, ile mikanda laini inayozunguka paa la tela ili likikunjwa lisipitishe maji, na likifunguliwa liwe chumba kikavu cha wasafiri, chenye kuta za turubai. Mpira ukikakamaa, maji hupenya na mbao huoza.

Leo roho yake haijatulia. Mzee mmoja mstaafu amerudisha tela lake mara ya pili, akidai linavuja kwa sababu amefungiwa mpira bandia. Mwenye gereji amesema wazi: kosa likiwa la mpira, Mama Shaka atafute pengine. Na kazi hiyo ndiyo inayomlisha yeye na dada yake.

Anapaka unga wa chaki kwenye mpira wa tela hilo, anafunga paa, anafungua. Chaki imeshika ukingo wote bila kuruka mahali; mpira unabana sawasawa. Badala ya kufurahi, anamtazama mzee kwa jicho la pembeni. Anamwomba alikunje tela mwenyewe, kama afanyavyo kila safari.

Mzee anasema hana muda wa michezo. Mkewe anashuka garini.

"Wewe kunja tu," anamwambia. "Kwani unaogopa nini?"

Mzee anakunja harakaharaka, anashusha paa, anabana. Mama Shaka anazunguka tela taratibu, kisha anaweka kidole kwenye kona. Ncha ya turubai imechungulia nje, imeumwa na mpira.

"Mvua ikinyesha, hii inanyonya maji kama utambi," anasema. "Inayapeleka mpaka kitandani kwako."

Mke anacheka hadi anashikilia mlango. Kila safari alimwambia mumewe aingize turubai kwanza, akajibiwa kwamba hajui mambo ya matela. Mzee anaona haya, anakwenda kumweleza mwenye gereji. Mama Shaka anamfuata nyuma, asikie kama atasema yote.

Anayasema yote.

Ndoto ya fundi huyu ni kununua tela bovu, alifufue, asafiri na dada yake. Miaka yote hii hajawahi kulala ndani ya tela hata moja. Mwenye gereji anamuuliza: je, mvua ikiwakuta njiani, watalala?

"Dada atalala," anajibu, akirudi kunusa lile godoro la mteja. "Mimi nitakuwa napapasa kona."