Choo cha Chini Nyumbani kwa Mama Mkwe

Mume wangu Oketch amezibua vyoo vya nusu ya Kisumu, lakini kimoja hakuthubutu kukigusa: cha mama yangu. Kwetu Wajaluo mkwe haingii bafuni mwa mama mkwe wake, sembuse kushika uchafu wake. Oketch ni mtu wa heshima hadi inachosha. Huwa namwambia ameoa mila, mimi nimefuata tu.

Nyumba ile marehemu baba aliinunua kwa Bwana Joginder. Chini yake kulikuwa na chumba cha kuwekea vitu, na humo choo ambacho hatukuwahi kukitumia. Bomba likiziba, maji machafu yalibubujikia hapo. Mafundi wengine walikuja, wakang'oa choo cha juu ili wapitishe waya wa kuzibulia, wakakirudisha kikivuja. Mvua za kwanza za 1991 zilipoleta uvundo tena, mama alifunga mizigo yake arudi kijijini Kombewa. Nililia. Baba hayupo, ndugu sina, na mama ndiye rafiki yangu.

Oketch alimaliza ugali wake wote. Kisha akasema, "Benta, mlango ya chini inafungukia nje. Huko si kwa mama, ni kwa panya."

Kesho yake aling'oa choo cha chini, akazibua bomba kwa waya, akaunga pale bomba fupi lililosimama wima, akalifunga kwa kifuniko cha kukazwa kwa spana, akasakafia pande zote. Likiziba tena, unafungua kifuniko, unapitisha waya, basi. Kwa mama hukanyagi. Muda wote huo mama alikaa sebuleni na redio yake, akijifanya hajui kuna mtu chini. Mchana alinipa sahani ya kuku.

"Pelekea fundi," akasema. "Mimi sijui ni nani, lakini asikule akiwa amesimama."

Mizigo ilibaki imefungwa. Alisema maji yakipanda tena, haagi mtu.

Mwezi wa nne mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi mimi na Oketch tulifungua chumba cha chini. Sakafu ilikuwa kavu. Oketch aliipapasa kama ng'ombe wa mahari, nami nikacheka kwa furaha.

Nilikwenda kumwambia mama. Nilimkuta uani, matope hadi magotini, akipanda mche wa avokado.

"Mama, hiyo itachukua miaka kuzaa."

"Najua," akasema bila kuinua kichwa. "Nishikie jembe."