Kupima Pijo Mbili kwa Mayai

Kulinganisha magari mawili ya marehemu baba kulinigharimu petroli lita nane na mayai kumi na saba. Lita nne za kupima, nne za kurudi nyumbani. Mayai niliyahesabu mara mbili, kwa sababu fundi niliyekwenda naye alikuwa na njaa.

Magari yenyewe ni Pijo 404 na Pijo 504. Mnunuzi wa Mtito Andei alisema atachukua yoyote kwa bei ileile, na pesa zake ndizo zingetengeneza itakayobaki. Mimi nilitaka ibaki 504. Lakini sipendi kushinda bila ushahidi.

Kwenye karatasi hakuna mashindano. Injini ya 404 ni cc 1,618. Ya 504 inakaribia elfu mbili. 504 ina breki za diski mbele na gia ziko sakafuni. 404 gia zake ziko kwenye shingo ya usukani, unazitafuta kama stesheni ya redio.

Fundi alifunga chupa ya lita mbili karibu na kabureta, gari linywe humo tu mpaka lizime. Mama tukamketisha nyuma na trei ya mayai thelathini mapajani, kupima springi. Tukatoka Ikutha kwa barabara ya vumbi.

504 ilikwenda kilomita kumi na tano. Yai moja lilivunjika.

"Hilo lilikuwa na ufa tangu sokoni," mama akasema. Hakuna kilichompita siku hizo. Tangu tumzike baba alikuwa halali. Kila alfajiri tulimkuta jikoni, ameketi, moto haujawashwa.

Tukarudi, tukachukua 404 na trei nyingine. Injini ilivuma chini chini kama mtu anayeimba akiwa na shughuli zake. Jua la saa kumi likaingia dirishani na rangi ya chai. Vumbi lilitufuata bila kutufikia, uwanda wa Yatta ukapita taratibu mno, hadi nikahisi gari limesimama na ni nchi inayosafiri. Viti bado vilinuka ugoro wa baba. Nilisahau kuangalia kilomita. Mimi, nilisahau.

Ilizima kwenye kumi na saba. Fundi akageuka nyuma.

"Mayai kumi na sita, mkubwa. Springi zimekwisha. Uza hii."

Nikageuka pia. Trei ilikuwa sakafuni. Mama alikuwa ameegemea mlango, mdomo wazi, amelala fofofo.

"Nimwamshe?"

"Ukimgusa, utarudi kwa miguu."

Tulikaa pale kwa muda wa karibu saa mbili, milango wazi, upepo ukipita kati yetu. Alipofumbua macho aliyaona mayai kabla ya kutuona sisi.

"Sikulala," akasema. "Nilifumba macho nisione unavyoendesha."

"Sawa, mwaitu."

"Mayai yamesema. Uza hii."

Tangu siku hiyo amekataa kuingia tena kwenye 404. Anasema ile nyingine itamfikisha kliniki Kitui bila kuchemka njiani, na ni kweli, itamfikisha. Jikoni bado tunamkuta. Mnunuzi nimemwahirisha mara mbili na amesema hataahirishwa ya tatu. Kama umewahi kumiliki moja ya hizi, au kuishi na mtu aliyepoteza usingizi, nishauri: niuze ipi?