Kisa Si Changu, Lakini Jina Ni Langu

Admin, ficha akaunti yangu, ila jina la Minani uliache. Huku bonde la Ruzizi akina Minani tumejaa, hakuna atakayenijua, na jina hilo ndilo linaloniletea balaa.

Nina miaka ishirini na saba, naishi Kilibula, Uvira. Nashona nguo, na nikipata nafasi naandika hadithi fupi Facebook. Nasaini Minani tu. Sasa kuna msichana mwingine hapa mjini, naye mwandishi, naye anasaini Minani tu. Mimi naandika mapenzi, yeye anaandika vichekesho vya kuchoma watu. Akichoma yeye, nanuniwa mimi sokoni. Nilichoka, nikaanza kusaini "Minani wa Kilibula". Kumbe naye amepanga Kilibula hiihii!

Juzijuzi akaandika kisa cha mama mmoja wa Mulongwe: mto umefurika, yeye anaokoa sufuria zake kwanza, mke wa mwanawe mjamzito anaachwa amesimama juu ya meza. Watu walicheka mpaka machozi. Mama wa mchumba wangu anakaa Mulongwe, na siku mto ulipofurika kweli alionekana na sufuria kichwani. Jamani, siku ile nani hakubeba sufuria? Lakini yeye akaapa kwamba nimemwandika yeye. "Hajaingia kwangu bado, tayari ananianika!"

Nikamtafuta yule mwenzangu, nikamsihi atafute jina lingine la kuandikia. Akanijibu: "Weye iko Minani, na minye iko Minani. Nani alimuibia mwenzake?" Ila ana moyo, maana alikubali twende wote Mulongwe, akasema kisa ni chake na aliyemwandika ni shangazi yake mwenyewe. Mama mkwe akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mumepanga. Jina moja, mudomo moja."

Nilidhani mchumba wangu atanitetea. Mwalimu mzima, akaja na sharti la mama yake: niliache jina la Minani kabisa, kwenye hadithi na kwenye ndoa, la sivyo mahari haiji. "Chérie, mpenzi wangu, jina ni kitu gani? Utapata yangu." Nilitamani kumrushia mkasi.

Nikaenda kumweleza mama yangu, nikamkuta anamenya mihogo. Sisi ni watu wa Kirundi, na kwetu Minani ni jina la mtoto wa nane. Leo tumebaki wawili, mimi na kaka yangu. Wale wengine mama aliwazika, na hakuna hata mmoja aliyeacha picha. Aliweka kisu chini.

"Watu wanaona niko na watoto wawili," akasema. "Ile jina yako njo inawaambia nilizaa munane. Ukiitoa, nitawahesabia wapi?"

Akaokota kisu, akaendelea na mihogo yake.

Mchumba wangu nampenda, sitawadanganya. Jumapili wazee wake wanakuja kuchukua jibu. Nina hasira hata usingizi hauji, maana kosa silijui, na aliyeandika anaendelea kuandika na watu wanaendelea kucheka.

Ndugu zangu mnaosoma, nipeni shauri kabla ya Jumapili. Niliache jina la Minani niolewe, au nibaki nalo nyumbani pamoja na wenzangu saba?