Mama, gumboot na jamaa wa cyber

Mama yangu amemng'oa jamaa wa cyber jino leo. Kwa gumboot.

Mnajua vile watu husema kutafuta scholarship online haina stress? Mimi sina email, so Sammy wa cyber hapa Karagita alinijazia application akaweka email yake. Hufanyia kila mtu hivyo. Hakuna mwenye huuliza.

Leo tumepita hapo na Mama akitoka kuvuna maua shambani, bado na gumboot. Nikaona jina langu kwa screen.

"Sammy, hii ni nini?"

"Aah, hiyo ilikuja wiki jana. Wanakuita interview. Nilisahau kukuambia."

ALISAHAU.

Mama aliinama. Alivua gumboot akamchapa nayo mdomoni, damu ikaruka mpaka kwa keyboard. Sammy akajificha nyuma ya printer. Mama akamvuta na shati, akamwongeza.

Nilikuwa karibu kumzuia Mama, haki. Lakini mathe mwingine kwa laini ya wateja akauliza, "Na ya kijana wangu Brayo?"

Sammy akaanza kutafuta mlango kwa macho.

Wueh! Wamama wote wakamwingilia. Mateke, makofi, kiti kikapaa, screen ikapasuka katikati. Sammy akaruka dirisha akaenda ameshika taya.

Tukabaki tunaangaliana, tunahema.

Hapo ndio nilikumbuka sikuwa nimesoma hiyo email mpaka kwa tarehe ya interview.

Watu wa Karagita, nawaomba. Mkimwona Sammy, msimguse.

Atoe password kwanza.